Nyumba wanazo, makaratasi hawana: huduma ya madalali wa Dar kwa kampuni zinazohamisha wafanyakazi

Kampuni ikimleta meneja mpya Dar es Salaam, awe anatoka Johannesburg au Mwanza, anayeanza kuhangaika ni afisa utawala, au dada wa rasilimali watu, aliyetumiwa barua pepe ya mistari minne: jina, ukubwa wa familia, tarehe ya kuwasili na kiwango cha juu cha pango. Kuanzia hapo anatafuta mtu wa kumtafutia nyumba. Huduma hiyo ndiyo tunayoipima hapa, kwa jicho la anayelipa, na kwa faida ya dalali anayetaka kuitwa tena mwaka ujao.

Wanaoitoa ni wa aina tatu. Yupo dalali wa mtaani, mwenye simu mbili, pikipiki na orodha ya nyumba kichwani. Ipo kampuni ya upangishaji yenye ofisi, leseni na tovuti. Na ipo kampuni ya uhamisho, ile inayofunga mizigo na kuitoa bandarini, ambayo kutafuta nyumba ni huduma ya nyongeza. Kwa ufupi, wa kwanza anazijua nyumba kuliko wote na anakosa kazi za kampuni kwa sababu zinazorekebishika. Wa pili yupo katikati, na ubora wake unategemea sana ni mfanyakazi gani kakupokea siku hiyo. Wa tatu anajua makaratasi, ila nyumba zenyewe mara nyingi anazipata kwa yule wa kwanza.

Kutafuta na kuonyesha

Hapa dalali wa mtaani anastahili alama za juu. Mwambie unataka vyumba vitatu, bustani, karibu na Chole Road, pasipofurika, na jioni utakuwa na video tano kwenye WhatsApp. Anajua nyumba iliyobaki wazi jana, mwenye nyumba anayekubali mbwa, mtaa wa Msasani unaojaa maji ya masika, na nyumba ya Mikocheni ambayo ukuta wa pili ni ukumbi wa harusi. Taarifa hizo huzipati kwenye tovuti yoyote.

Tatizo linaanzia hapo hapo. Nyumba moja ya Oysterbay inaweza kushikwa na madalali saba, kila mmoja na bei yake. Afisa utawala akiomba mapendekezo kwa watu watatu, analetewa geti lilelile la kijani mara tatu: milioni 4.5, milioni 5 na milioni 5.8. Hata aliye mkweli kati ya hao watatu hataaminika tena. Dawa yake ni barua ya idhini kutoka kwa mwenye nyumba, ukurasa mmoja tu: namba ya kiwanja, bei aliyoitaja mwenyewe, nani anamlipa dalali, na idhini inaisha lini. Siku 60 zinatosha. Dalali mwenye barua kumi za namna hiyo anauzika ofisini kuliko mwenye picha mia mbili.

Kero nyingine ni presha. "Bosi, hii inaondoka leo, kuna mteja anakuja na pesa saa kumi." Kwa mpangaji wa kawaida maneno hayo yanafanya kazi. Kwa kampuni hayana maana, kwa sababu kampuni haiwezi kulipa saa kumi hata ikitaka: kuna fomu ya maombi ya malipo, idhini ya meneja, mhasibu, saini mbili, kisha benki. Wiki moja ikienda vizuri, mbili isipokwenda. Dalali anayelijua hilo humwombea mteja wake barua ya kusudio yenye nembo ya kampuni, akaenda nayo kwa mwenye nyumba na kumwomba ashikilie nyumba siku 14. Wengi hukubali, maana barua ya kampuni inayojulikana ina uzito kuliko ahadi ya mtu wa saa kumi.

Na hela ya kuzungushwa, ile elfu kumi au ishirini ya kuonyeshwa nyumba, iachwe kabisa kwa wateja wa aina hii. Haina risiti, kwa hiyo afisa utawala anaitoa mfukoni mwake au anaombwa aitungie maelezo. Kwa elfu ishirini dalali anapoteza kazi ya milioni tano.

Maswali ambayo hayaulizwi

Dalali akipigiwa simu huuliza mawili: vyumba vingapi, bajeti ngapi. Basi. Hayo hayatoshi kupanga safari ya siku mbili ya kuangalia nyumba, na ndiyo sababu wageni wengi wanazungushwa nyumba kumi na mbili kwa siku wakirudi hotelini hawakumbuki hata moja. Nyumba tano au sita kwa siku ndizo zinazobebeka, zikiwa zimepangwa kwa mtaa ili gari lisivuke Bagamoyo Road mara nne.

Swali la kwanza lilipaswa kuwa shule. International School of Tanganyika, ambayo familia nyingi za wageni huifikiria kwanza, ina kampasi mbili: ya watoto wadogo ipo Upanga, ya sekondari ipo Masaki. Familia yenye mtoto wa miaka 7 na mwingine wa miaka 14 ina safari mbili za asubuhi zinazokwenda pande tofauti. Tangu Daraja la Tanzanite lifunguliwe mwaka 2022, Oysterbay imekuwa jibu zuri kwa familia hiyo, maana kutoka upande wa Coco Beach unavuka hadi Hospitali ya Aga Khan, Upanga, bila kuingia foleni ya Daraja la Selander. Mgeni ambaye watoto watasoma HOPAC, shule nyingine ya kimataifa iliyo upande wa Mbezi, hana sababu ya kulipia Masaki halafu ashinde kwenye foleni ya Bagamoyo Road. Dalali anayeyasema haya bila kuulizwa ameshajitofautisha na wenzake, na hajatumia hata shilingi.

Maswali mengine: kuna dereva? Dada wa kazi atalala hapo? Wana mbwa? Samani zinakuja kwa kontena au nyumba iwe na samani? Kuna masharti ya usalama ya mwajiri? Hilo la mwisho ni kubwa kwa balozi na mashirika ya kimataifa. Maofisa wao wa usalama huikagua nyumba kabla mkataba haujasainiwa: urefu wa ukuta, taa za nje, kibanda cha mlinzi, nondo za madirisha, na kama kuna dirisha moja angalau lenye nondo zinazofunguka kutoka ndani ili watu wapate pa kutokea moto ukizuka. Nyumba nzuri sana za Masaki huanguka kwa hilo dirisha. Fundi wa kuchomelea hulimaliza kwa siku moja, ila awe ameitwa kabla mkaguzi hajaja.

Bei: mahali kazi nyingi zinapoharibika

Kanuni za matumizi ya fedha za kigeni zilizotangazwa Machi 2025 zinakataza kutaja bei au kupokea malipo ya bidhaa na huduma za ndani kwa fedha za kigeni. Mikataba iliyokuwepo ilipewa mwaka mmoja wa kurekebishwa. Balozi na mashirika ya kimataifa wana nafasi yao kwenye kanuni hizo, lakini kampuni ya kawaida, hata kama makao makuu yake ni London, haina. Pamoja na hayo, madalali wa Masaki wangali wanatuma ujumbe wa "2,500 USD negotiable". Mwanasheria wa kampuni akiuona huo, faili linarudi. Wengine hukwepa kwa kuandika shilingi halafu chini wanaongeza "kwa bei ya dola ya siku ya malipo". Huo ni mlango uleule umepakwa rangi. Bora mkataba utaje shilingi, uwe na kifungu cha ongezeko la asilimia iliyokubaliwa kila mwaka, na mwenye nyumba aelezwe mapema, kabla mgeni hajaipenda nyumba.

Kisha kuna kodi ya zuio. Kampuni inapolipa pango kwa mwenye nyumba aliye mkaazi wa Tanzania kikodi, inakata asilimia 10, inaipeleka TRA ndani ya siku saba baada ya mwezi kuisha, na mwenye nyumba anapewa cheti cha zuio. Mwenye nyumba akiwa si mkaazi kikodi, zuio ni asilimia 15. Hili si la kujadiliana. Lakini mwenye nyumba huwa ameshamwambia dalali, "Mimi nataka milioni nne na nusu mkononi, mambo ya kodi mjue wenyewe." Dalali anatikisa kichwa, anaongeza asilimia 10, anaipelekea kampuni bei ya 4,950,000. Siku ya malipo mhasibu anakata asilimia 10 ya 4,950,000, yaani 495,000, na mwenye nyumba anapokea 4,455,000. Zimepungua 45,000 kila mwezi, 540,000 kwa mwaka, na ugomvi unaanza kabla mpangaji hajafungua mabegi.

Hesabu sahihi ni kugawa, si kuzidisha. Chukua 4,500,000 ugawe kwa 0.9, unapata 5,000,000. Kampuni inakata 500,000, mwenye nyumba anapokea 4,500,000 kamili. Pango la mwaka ni milioni 60. Ushuru wa stempu kwenye mkataba wa pango ni asilimia 1 ya pango la mwaka, kwa hiyo hapa ni 600,000, na ulipwe ndani ya siku 30 tangu mkataba usainiwe. Mkataba usio na stempu haupokelewi mahakamani kama ushahidi, na wanasheria wa kampuni wanalijua hilo kuliko wanavyojua rangi ya nyumba.

Dalali anayekuja ofisini na karatasi moja yenye mistari hii, yaani pango ghafi, zuio, kinachomfikia mwenye nyumba, stempu na nani anailipa, dhamana na kamisheni, amemfanyia mhasibu kazi ya nusu siku. Katika vyote tulivyoviangalia, hakuna kitu cha bei rahisi kinacholeta wateja wa kampuni kama karatasi hiyo. Na hakuna kinachokosekana zaidi ya hiyo.

Kamisheni yenyewe kwa mazoea ya Dar ni pango la mwezi mmoja. Kampuni italipa kwa ankara na itadai risiti ya EFD, yaani ya mashine ya kodi, na kwa kuwa ni malipo ya huduma itakata zuio la asilimia 5. Katika mfano wetu, dalali wa 5,000,000 anapokea 4,750,000 na cheti cha 250,000. Akishavuka mauzo ya milioni 200 kwa mwaka anaingia kwenye VAT na anaongeza asilimia 18 juu. Wapo wanaochukua kwa mpangaji na kwa mwenye nyumba pia, kimyakimya. Kuchukua pande mbili kunaweza kukubalika kama kumeandikwa. Kukigundulika hakukuandikwa, jina lako linafutwa kwenye orodha ya watoa huduma, na maofisa utawala wa Dar wanajuana.

Nani anasaini

Nyumba si chache za Oysterbay, Upanga na Msasani ni za familia. Mzee alishatangulia mbele ya haki, watoto wapo London, Muscat na Mbezi, na anayekuja kusaini ni yule wa Mbezi. Swali la dalali makini ni moja: jina lililo kwenye hati ni la nani? Kama aliyeandikwa amefariki, asaini msimamizi wa mirathi mwenye barua ya mahakama. Kama yupo nje, asaini mwenye hati ya uwakilishi iliyosajiliwa. "Kaka mkubwa amekubali kwa simu" hairuhusiwi, hata kama kaka mkubwa amekubali kweli. Wadogo wakija miezi sita baadaye na msimamizi mwingine, kampuni ndiyo itaombwa pango mara ya pili.

Upekuzi kwa Msajili wa Hati ufanywe kila mara, na uangalie rehani. Nyumba ikiwa imewekwa benki, benki itoe ridhaa ya maandishi, vinginevyo mkopo ukichachamaa mpangaji anakutana na bango la mnada getini. Na mwenye nyumba awe na TIN. Akisema hana na hataki kuipata, dalali aachane na nyumba hiyo kwa wateja wa kampuni, iwe nzuri namna gani.

Kenya ipo tofauti kidogo hapa. Sheria ya madalali wa nyumba ya huko, Sura ya 533, inataka dalali asajiliwe na bodi, kwa hiyo kampuni ya Nairobi inaanza kwa kuuliza namba ya usajili. Tanzania muswada wa kusimamia sekta hii umezungumzwa miaka mingi. Kwa hiyo kampuni ya Dar inampima dalali kwa makaratasi aliyonayo mkononi: usajili wa biashara wa BRELA, leseni ya biashara, TIN, cheti cha ulipaji kodi, akaunti ya benki yenye jina la biashara. Dalali mwenye hayo yote, hata akiwa peke yake na meza moja Namanga ya Msasani, anaonekana kampuni.

Mkataba

Madalali wengi wanatumia mkataba mmoja wa kurasa mbili ulionakiliwa miaka kumi iliyopita, wenye namba ya nyumba ya mtu mwingine kwenye kifungu cha nne. Kwa kampuni unahitaji vitu vitatu ambavyo mkataba huo hauna.

Kwanza, mpangaji ni kampuni, na anayekaa ni mkaaji. Kampuni iwe na haki ya kubadilisha mkaaji bila mkataba mpya. Meneja akiondoka mwezi wa saba, anayerithi nafasi yake anahamia tu.

Pili, mlango wa kutokea. Kibali cha kazi cha mgeni hutolewa kwa miezi 24, na chaweza kukataliwa, kufutwa au kutohuishwa. Kifungu kinachofanya kazi kinaandikwa hivi: "Mpangaji anaweza kusitisha mkataba huu kwa notisi ya miezi miwili endapo kibali cha mkaaji kitakataliwa, kufutwa au kutohuishwa, au endapo mwajiri atamhamishia mkaaji nje ya Dar es Salaam. Pango lililolipwa kwa muda usiotumika litarejeshwa ndani ya siku 30." Wenye nyumba hukiogopa, na woga wao una sababu: pango la mwaka likilipwa mara moja, wengi huwa wameshaliweka kwenye msingi wa nyumba nyingine huko Kigamboni. Pesa ya kurejesha haipo. Ndiyo maana dalali mzuri hashawishi kampuni ilipe mwaka mzima. Anaomba malipo ya miezi mitatu mitatu, au sita sita kwa nafuu ya bei, ili hata mgeni akiondoka ghafla kiasi cha kudaiana kiwe kidogo. Mwenye nyumba anayekomalia mwaka na hataki kifungu cha kutokea, huyo anafaa mpangaji mwingine.

Tatu, nani anatengeneza nini, na ndani ya muda gani. Maji yakikatika au jenereta likigoma, saa 24. Kiyoyozi, siku tatu. Muda huo ukipita kampuni itengeneze yenyewe na kukata kwenye pango linalofuata. Na kodi ya majengo, ambayo tangu 2021 hukatwa kupitia LUKU, iandikwe kuwa ni ya mwenye nyumba, kwa sababu anayenunua umeme ni mpangaji na yeye ndiye anayeiona ikikatwa.

Kabla ya funguo

"Tutapaka rangi, tutaweka feni, usiwe na wasi." Wasiwasi uwepo. Malipo yakishaingia, kasi ya mwenye nyumba hupungua. Kinachofaa ni orodha ya matengenezo yenye tarehe, iliyosainiwa, na malipo ya kwanza yasitoke mpaka dalali na afisa utawala waipitie nyumba pamoja, bomba kwa bomba.

Maji yachunguzwe kwa ulimi. Visima vingi vya rasi ya Msasani vina chumvi, na chumvi hiyo hula hita za maji na bomba za bafuni ndani ya muda mfupi. Uliza kipi kinaingia kwenye tanki: DAWASA, kisima, au vyote kwa pamoja. Familia ya watu wanne, dada wa kazi na bustani ya wastani hutumia kama lita 1,000 kwa siku, kwa hiyo simtanki la lita 5,000 linavumilia siku tano mgao ukija. Nyumba yenye tanki la lita 1,000 tu inamaanisha kuita boza kila mgao ukizidi siku moja, na hilo lisemwe mapema.

Umeme nao upigiwe hesabu mbele ya mgeni. Viyoyozi vitatu vya zamani vya BTU 12,000, kila kimoja kikila kama kilowati moja, vikiwashwa kwa muda wa saa nane kila usiku, ni uniti 24 kwa siku. Kwa bei ya kawaida ya TANESCO ya kama shilingi 356 kwa uniti pamoja na tozo, ni zaidi ya 8,500 kwa siku, karibu 256,000 kwa mwezi, na friji na hita bado. Mgeni asiyeambiwa hili anaandika malalamiko kwa mwajiri mwezi wa kwanza, akidhani anaibiwa. Jenereta liwashwe na kuachwa dakika 20 likibeba viyoyozi vyote, lisikilizwe na litazamwe moshi. La kVA 20 hunywa dizeli kama lita nne kwa saa likibeba mzigo mkubwa. Kwenye jengo la ghorofa, uliza kama dizeli ipo ndani ya gharama za huduma au inaletwa ankara kila mwezi, na kama jenereta linabeba nyumba nzima au taa za ngazi na lifti tu. Hilo swali moja limevunja mikataba mingi.

Picha za kila chumba zipigwe siku ya kukabidhiana, pamoja na mita ya LUKU na mita ya maji, ziwekwe kwenye faili lenye tarehe. Kampuni za upangishaji hufanya hivi vizuri. Madalali wa mtaani karibu wote hawafanyi, na simu wanazo.

Kampuni za uhamisho, na namna ya kuingia

Hizi zinasifiwa kwa haki kwenye mpangilio. Zinajua kontena likifika lini na nyumba inatakiwa iwe tayari lini, maana mizigo ikikaa bandarini gharama za kuhifadhi zinapanda kila siku. Baadhi zimo kwenye FIDI, umoja wa kimataifa wa kampuni za uhamisho ulioanzishwa 1950, na zinapita ukaguzi wake uitwao FAIM. Mwajiri wa Ulaya au Marekani mara nyingi huwa ameshasaini na kampuni kubwa ya kusimamia uhamisho huko kwao, nayo ndiyo inayompa kazi wakala wa Dar. Udhaifu wao ni nyumba: huonyesha zilezile za majengo makubwa ya Masaki, ghali na zenye lifti, kwa sababu hawana watu wa kupita mitaani.

Hapo ndipo pa dalali. Kuanzia Julai 2025 udalali wa nyumba ni miongoni mwa biashara ambazo mgeni asiye raia haruhusiwi kuzifanya Tanzania, kwa hiyo kampuni za uhamisho zinahitaji Watanzania wa kuaminika zaidi ya zamani. Dalali aende kwao na vitu vinne: makaratasi ya biashara, barua za idhini, mfano wa ile karatasi ya hesabu, na ripoti moja ya nyumba iliyokaguliwa. Wataomba mgawo wa kamisheni. Marekani mgawo wa namna hiyo mara nyingi hupita theluthi. Kubali mgawo unaobakiza gharama zako na uwe kwenye maandishi. Kupata theluthi mbili ya kamisheni za kazi ishirini ni bora kuliko kupata kamisheni kamili ya kazi mbili.

Njia ya moja kwa moja ipo pia. Kampuni kubwa hutangaza usajili wa watoa huduma, na taasisi za umma zinapitia NeST, mfumo wa ununuzi wa umma wa mtandaoni. Fomu hizo zinaulizia vitu vilevile kila mwaka, ukishajaza moja umezijaza zote. Mtu wa kumtembelea ni afisa utawala. Mkurugenzi humwachia yeye hata hivyo. Usimpelekee kalenda. Mpelekee ukurasa mmoja wa bei za pango za miezi mitatu iliyopita kwa mtaa, Masaki, Oysterbay, Mikocheni, Mbezi Beach, kwa shilingi. Yeye anaulizwa kila robo mwaka na makao makuu kama kiwango cha pango kinatosha, na hana pa kulitoa jibu.

Nje ya Dar soko lina sura nyingine. Dodoma, tangu serikali ianze kuhamia huko 2016, shida haikuwa bei bali nyumba zilizokamilika. Nyumba nyingi za Iyumbu na Njedengwa zinaonyeshwa zikiwa na fundi juu ya paa. Tanga, mradi wa bomba la mafuta la EACOP unaoishia Chongoleani umeleta wapangaji ambao mji haukuwazoea, na nyumba za Raskazone zenye jenereta na maji ya uhakika hazikuwa nyingi. Katika miji hiyo dalali mmoja mwenye makaratasi anaweza kushika soko zima.

Siku ya kuondoka

Huduma karibu zote zinaishia kwenye funguo za kuingia. Siku ya kutoka afisa utawala yupo peke yake na mwenye nyumba, wakibishana kuhusu doa ukutani na dhamana ya mwezi mmoja. Dalali anayerudi siku hiyo na faili la picha, akasoma mita, akakagua kuwa LUKU haina deni, akaandika kinachokatwa na kinachorudishwa, anafanya kazi ya saa mbili. Kwa saa hizo mbili anajua, mapema kuliko madalali wengine wote wa mtaa, kwamba nyumba inabaki wazi, na mezani kwa yule afisa utawala tayari ipo barua pepe nyingine ya mistari minne.